Dibaji ya Mchezo wa "Battlefield 1" Ikipimwa kwa Vita Vilivyopita Iringa na Mbeya

Miongoni mwa mambo yanayowafundisha vijana wa leo habari za Vita Vikuu vya Kwanza, kitabu si mwalimu wa kwanza tena. Sisemi haya kwa kulalamika. Kila kizazi kimekuwa na mlango wake wa kuingilia katika habari za kale: babu zetu waliingia kwa masimulizi ya jioni, baba zetu kwa vitabu vya shule, na wanafunzi tunaowafundisha sasa huingia, wengi wao, kwa skrini. Nimesoma insha za wanafunzi waliozaliwa Mufindi, Njombe na Rungwe, ambamo Vita Vikuu ni matope ya Ufaransa, mahandaki, hewa ya sumu na vifaru. Na juu ya ardhi waliyozaliwa, ambayo majeshi ya pande mbili yaliipita huku na huku kati ya 1916 na 1918, hawana la kuandika. Nikiuliza picha hizo zimetoka wapi, mara nyingi jibu ni moja: mchezo wa video, au gemu kama wenyewe wasemavyo, uitwao Battlefield 1.

Basi yafaa mchezo huo upimwe kama tunavyopima kitabu cha historia, wala si kwa kuudharau kabla ya kuutazama. Nitapima sehemu yake moja tu, ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyosifiwa kupita zote, na kwa kuwa sifa yenyewe ni ya kihistoria: husemwa kwamba dibaji hiyo imeonyesha vita vile jinsi vilivyokuwa. Kipimo changu kitakuwa Nyanda za Juu Kusini, nchi ya Iringa na Mbeya. Msomaji anayehisi kwamba kipimo hiki kimeletwa kutoka mbali na avumilie kidogo. Vita vyenyewe vilikuja huku kutoka mbali zaidi.

Mchezo ulitungwa na kampuni ya DICE ya Stockholm, nchini Sweden, ukatolewa na Electronic Arts ya Marekani tarehe 21 Oktoba 2016. Mwezi Mei wa mwaka huo ilitangulizwa filamu fupi ya tangazo, nayo ikapokewa kwa shangwe kubwa kuliko kawaida ya matangazo ya namna hiyo. Waliobonyeza alama ya kuipenda katika YouTube walipita milioni moja. Hapo mvumo ulianza. Mchezo ulipotoka, wengi waliousifu waliianzia dibaji yake, "Storm of Steel", yenye jina sawa na tafsiri ya Kiingereza ya kumbukumbu za askari wa Kijerumani Ernst Jünger, zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1920.

Mahali ni Ufaransa, na mwaka ni 1918. Kabla ya lolote kutendeka, maandishi humwonya mchezaji kwamba hatazamiwi kuokoka. Kisha hujikuta ndani ya mwili wa askari Mwamerika mweusi, analinda mahali palipobomolewa, na adui wanakuja kwa wingi usiozuilika. Apige vizuri au vibaya, mwisho ni mmoja: atakufa. Hapo ndipo penye lile jambo lililoufanya mchezo huu usahaulike kwa shida. Skrini hufifia, na juu yake huandikwa jina la marehemu, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Baadaye mchezaji huinuka katika mwili wa askari mwingine, wa bunduki ya kawaida au wa bombom au wa ndani ya kifaru, naye hufa, na jina jingine huandikwa. Mwishoni wanabaki wawili, Mwamerika na Mjerumani, wanaelekezeana silaha, halafu wanazishusha.

Nasema wazi kwamba jambo hili limetungwa kwa akili. Michezo ya vita, tangu ilipoanza kuuzwa, imemzoeza mchezaji kwamba kufa ni kosa dogo: amekufa, anarudishwa nyuma hatua chache, anaanza tena akiwa yule yule. Hapa aliyekufa harudi. Anayefuata ni mtu mwingine, mwenye mama mwingine. Mtunzi amechukua kanuni ya zamani ya mchezo na kuigeuza hoja juu ya vita, bila ya kuhubiri. Vitabu vingi vya historia, na vyetu vimo, huandika "walikufa watu elfu kadha wa kadha" na kuendelea na aya inayofuata. Dibaji hii, kwa muda mfupi, hukataa kuendelea. Kwa kiasi hicho sifa zake ni za haki, na anayesema kwamba mchezo hauwezi kusema neno la maana juu ya vita amejibiwa.

Tena uchaguzi wa askari haukuwa wa kubahatisha. Hao ni watu wa Regimenti ya 369 ya New York, waliojulikana kwa jina la Harlem Hellfighters. Jeshi la Marekani la siku zile lilitenga weusi na weupe, likaikabidhi regimenti hii kwa Wafaransa, ipigane chini ya majemadari wao. Ilikaa mstari wa mbele siku 191, na Ufaransa ikaitunukia nishani ya Croix de Guerre. Picha ya mtu mweusi iliwekwa hata katika jalada la mchezo, na wako wachezaji waliolalamika ati mtu mweusi hakuwa na nafasi katika vita vile. Malalamiko hayo yenyewe yanatosha kuonyesha kwa nini ilikuwa lazima awekwe.

Walakini tukisonga mbele kidogo mambo yanabadilika. Baada ya dibaji zinafuata hadithi tano: ya kifaru cha Waingereza, ya rubani, ya askari wa Italia katika milima ya Alps, ya tarishi wa Australia huko Gallipoli, na ya mwanamke Mwarabu aliyepigana pamoja na Lawrence jangwani. Askari wa Harlem hawapewi hata moja. Wamefungua mlango, wamekufa mlangoni, na nyumba ikaingiwa na wengine. Katika hadithi hizo tano, na katika nyongeza nne zilizouzwa baadaye, hakuna hata moja iliyofika Afrika ya Mashariki. Wala yale majina yanayoandikwa kwenye skrini si ya watu waliopata kuishi, yametungwa. Ninalitaja jambo hili la mwisho bila ya kulaumu, kwa kuwa ndilo litakaloturudisha nyumbani.

Mwishoni mwa Septemba 1918 Regimenti ya 369 ilikuwa ikipigana kwa taabu karibu na kijiji cha Séchault, Ufaransa, na hasara yake ilikuwa kubwa. Katika siku hizo hizo, tarehe 28 Septemba, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, akirudi katika koloni alilofukuzwa mwaka mmoja kabla. Alipita karibu na Songea, akafika Ubena katikati ya Oktoba, akawaacha Njombe wagonjwa wake asioweza kuwachukua, akiwamo Jenerali Wahle, akaendelea kupitia Mbozi hadi mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini. Mafua makali yaliyokuwa yakiizunguka dunia yalikuwa yameshawaingia watu wake. Silaha ziliwekwa chini Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Wapagazi waliosalimu amri siku ile walikuwa wengi kuliko askari.

Katika hesabu hiyo ndimo ilimo tofauti ya vita vya huku na vile vya dibaji. Ufaransa, askari alikaa mahali pamoja na chakula kililetwa kwa reli. Huku hapakuwa na reli kusini ya Kilosa, wala njia za magari zinazofaa kutajwa, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Brigedia Jenerali Edward Northey alipovuka mpaka mwishoni mwa Mei 1916, na safu zake nne zikiwa zimetandazwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, aliichukua Neu Langenburg, yaani Tukuyu, katika siku chache. (Mji wa Mbeya haukuwapo, ulianzishwa miaka ya mwisho ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu. Nikisema Mbeya katika makala haya nasema nchi, sisemi mji.) Tarehe 24 Julai palipiganwa Malangali, na tarehe 29 Agosti Northey akaingia Iringa. Katika ramani ni mwendo mzuri wa miezi mitatu. Lakini kila gunia la unga lililoliwa Iringa lilikuwa limeshuka melini kaskazini ya Ziwa Nyasa, likapanda milima ya Unyakyusa, likavuka Ubena, likafika kichwani mwa mtu.

Na tufanye hesabu ndogo ambayo mwanafunzi anaweza kuirudia mwenyewe. Tuseme mpagazi amebeba kilo 25 za unga, na kwa siku anakula kilo moja. Akienda siku kumi na mbili na kurudi siku kumi na mbili, amekula kilo 24 kati ya 25. Jeshi limepata kilo moja. Ili askari mmoja ale huko mbele, watu wengi lazima watembee nyuma yake. Na ili watu hao wale, lazima watembee wengine. Ndiyo sababu pande zote mbili zilikusanya wanaume vijijini, kwa mshahara palipo na mshahara na kwa kamba palipokosekana, nchi ikabaki na wanawake, wazee na mashamba yasiyolimwa. Jirani yetu Ugogo, ambako majeshi yalichukua watu, ng'ombe na nafaka, mvua ilipokosekana ikaja njaa iliyokumbukwa kwa jina la Mtunya.

Vita havikupita mara moja vikaisha. Tabora ilipoanguka mikononi mwa Wabelgiji mnamo Septemba 1916, jeshi la Wahle lilikata nchi kuelekea kusini-mashariki, likaja kuangukia nyuma ya Northey. Oktoba na Novemba palipiganwa Ngominyi, Malangali tena, Lupembe, na Ilembule. Kijiji kilichotoa chakula kwa upande mmoja mwezi wa saba kiliulizwa chakula hicho hicho na upande wa pili mwezi wa kumi. Februari 1917 nahodha Wintgens alijitenga na Wadachi wenzake, akapita nchi ya Mbeya kuelekea kaskazini, akiishi kwa kile alichokikuta njiani. Wenyeji walikuwa wameyaona ya namna hiyo si zamani: Wahehe katika vita vya Mkwawa, Wabena katika Majimaji ya 1905. Lakini safari hii ugomvi haukuwa wao hata kidogo.

Wapagazi walikufa kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu, kwa malaria, kwa unga usioiva vizuri uliopikwa haraka mwisho wa siku. Aliyetoka pwani ya ziwa penye joto akalala Ubena mwezi wa sita bila blanketi alikuwa katika hatari kuliko aliyekuwa mbele ya bombom. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe wapagazi wao waliokufa katika vita vya Afrika ya Mashariki walikuwa karibu 95,000, na wanahistoria waliozichungua hesabu hizo huona kwamba ziko chini ya ukweli. Za upande wa Wadachi hazikuandikwa vizuri hata kidogo.

Sasa turudi kwenye jina linaloandikwa katika skrini. Mtunzi wa Stockholm aliona kwamba njia fupi kuliko zote ya kumfanya maiti awe mtu ni kumpa jina na miaka miwili, wa kuja na wa kwenda. Hakulibuni jambo hilo. Ndiyo kanuni iliyowekwa baada ya vita na Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Waingereza, iliyoundwa mwaka 1917: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na wote wawe sawa, awe jenerali au askari wa kawaida. Ufaransa na Ubelgiji kanuni ilitimizwa kwa uangalifu wa kushangaza. Makaburi ya vita ya Iringa, yanayotunzwa na Tume hiyo mpaka leo, yana mawe yenye majina. Msomaji akienda na ayasome, kisha ajiulize walikozikwa waliobeba sanduku la risasi la kila aliyelala pale.

Hapo zamani tulidhani jibu ni la bahati mbaya: kwamba majina ya wapagazi yalipotea porini pamoja nao. Mwezi Aprili 2021 Tume yenyewe, inayoitwa sasa ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ya uchunguzi wake, na jibu likawa jingine. Ripoti ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na ikaonyesha kwamba sababu haikuwa ukosefu wa habari peke yake. Wako maafisa walioamua kwamba watu hawa, kwa jinsi walivyowaona, hawakuwa na desturi ya kujali kaburi lenye jina, basi sanamu moja ya wote ingetosha. Mwaka 1927 ikasimamishwa sanamu ya Askari Dar es Salaam, na wenzake Nairobi na Mombasa. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja wapagazi pamoja na askari. Jina la mtu halimo. Jina lililobaki mjini ni la Kariakoo, nalo ni la idara, Carrier Corps, lililolainishwa na ndimi za watu.

Kwa hiyo naiona dibaji ya Battlefield 1 kwa namna mbili ambazo sitaki kuzipatanisha. Imewapa watu wa kubuni heshima ambayo dola iliyoshinda vita iliwanyima watu wa kweli, na kijana wa Makambako anayecheza usiku huguswa na kifo cha mtu asiyepata kuzaliwa, ilhali babu wa babu yake huenda alikufa njia ya Lupembe bila jiwe. Hilo linauma. Lakini ni dibaji hiyo hiyo inayompa kijana kipimo cha kuona kilichokosekana. Aliyekwisha kuzoea kwamba kila kifo kina jina lake atashangaa akikuta vifo 95,000 visivyo na jina, na mshangao ndio mwanzo wa uchunguzi. Kama hoja ya kibinadamu, sifa zake zinastahili. Kama picha ya "vita vile", hazistahili: ndani yake kila mtu ana silaha, hapana mtu mwenye njaa, na hakuna aliyebeba kitu isipokuwa bunduki yake.

Husemwa kwamba haiwezi kuwa vinginevyo, ya kuwa kubeba mizigo hakuchezeki. Miaka michache iliyopita ningekubali. Lakini Novemba 2019 Hideo Kojima wa Japani alitoa mchezo uitwao Death Stranding, ambao karibu kazi yake yote ni kutembea milimani na mzigo mgongoni, kupima uzito, kuchagua mahali pa kuvukia mto, kuchunga viatu visiishe. Shujaa wake anaitwa Sam Porter, nalo Porter kwa Kiingereza ni mpagazi. Uliuzwa kwa mamilioni. Kwa hiyo udhuru huo umekwisha, na swali limebaki kwa wenye habari, ambao ni sisi.

Katika historia ya nyanda hizi kuna kichwa kimoja kilichopata kutajwa rasmi mwisho wa vita. Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919, kifungu cha 246, uliwataka Wadachi walirudishe fuvu la Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asishikwe. Lilirudishwa mwaka 1954, nalo liko Kalenga. Wanafunzi hulifurahia jambo hili ninapolisimulia, na wana haki: mtu wa Iringa ameandikwa kwa jina katika mkataba uliotiwa sahihi na wakubwa wa dunia. Lakini aliandikwa kwa sababu alikuwa mfalme. Mkataba haukuwa na kifungu kwa waliobeba.

Majina yaliyobaki yamo katika milki ya familia, kwa kuwa watu wetu hurithishana majina, na mjukuu aliyepewa jina la mtu aliyekwenda vitani asirudi mara nyingi amesimuliwa kwa nini analo. Wanafunzi wa vyuo vya Iringa na Mbeya wanaweza kuyakusanya majina hayo wakati wa likizo, kwa daftari na kalamu, bila ya kungoja mtunzi wa Stockholm. Wayaandike kama dibaji inavyoandika: jina, na mwaka wa kufa, 1916 au 1917 au 1918, kwa kadiri wazee watakavyoweza kuukisia kwa mvua na kwa njaa. Mwaka wa kuzaliwa, kwa wengi wao, watauacha wazi.